Joshini na Demani: Historia ya Miti ya Mapambo Inayostahimili Moshi, kutoka London hadi Lubumbashi

Ikisiri

Miji mingi ya Afrika Mashariki na Kati inapanda miti ya mapambo kando ya barabara na kuizunguka viwanda kwa matumaini kwamba miti hiyo itapunguza madhara ya hewa chafu. Makala haya yanachunguza historia ya matumaini hayo kwa kulinganisha miji miwili: London, ambako fikra ya kupambana na moshi kwa mimea iliandikwa tangu 1661, na Lubumbashi, mji wa Waswahili wa Katanga uliojengwa kando ya kiwanda cha kuyeyushia shaba. Hoja kuu ni kwamba mti unaostahimili moshi si lazima uwe mti unaosafisha hewa, na kwamba kuchanganya mambo haya mawili kumechelewesha hatua za kisheria mara nyingi. Makala yanapendekeza namna ambavyo sera za upandaji miti zinaweza kuyatenganisha.

1. Utangulizi

Mabaharia wa pwani yetu wana maneno mawili ambayo mpangaji wa miji angefaa kuyaazima. Upande wa chombo ambao upepo unatokea huitwa joshini; upande ambao upepo unaelekea huitwa demani. Chomboni, anayekaa demani ndiye anayepata moshi wa jiko. Mjini hali ni hiyo hiyo: penye dohani moja, watu wa joshini na watu wa demani huishi katika miji miwili tofauti, hata kama ramani inaonyesha mji mmoja.

Neno la tatu tunalolihitaji ni kustahimili. Wataalamu wa bustani wanaposema kwamba mti fulani unastahimili uchafuzi wa hewa, maana yake ni kwamba mti huo unaweza kuishi, kukua na kuchanua mahali ambapo miti mingine ingekauka. Hawasemi kwamba mti huo unaiondoa sumu hewani. Katika lugha ya mikutano na ripoti, hata hivyo, maana hizi mbili huungana kwa urahisi. Mti uliochaguliwa kwa sababu haufi kwa moshi huelezwa baadaye kuwa mti unaoufuta moshi. Makala haya yanaonyesha kwamba mkanganyiko huo si wa leo, na kwamba una gharama zake. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Katika historia tunayoisimulia, mara nyingi mti ndio uliovumilia na mwingine ndiye aliyekula.

2. London: mti ulioshinda na moshi uliobaki

Mwaka 1661 Mwingereza John Evelyn alichapisha kitabu kidogo kiitwacho Fumifugium na kukikabidhi kwa Mfalme Charles II. Alilalamikia moshi wa makaa ya mawe uliokuwa ukiufunika mji wa London, akapendekeza mambo mawili. La kwanza lilikuwa kuviondoa viwanda vilivyotumia makaa mengi, kama vile vya pombe, rangi za nguo, chokaa na sabuni, na kuvipeleka mbali kwenye ukingo wa mto Thames. La pili lilikuwa kuuzungushia mji mashamba ya vichaka na maua yenye harufu nzuri, kama vile asumini, waridi na mrujuani, ili upepo ulete manukato mahali pa masizi.

Inafaa kuzingatia mpangilio wa mapendekezo hayo. Kwa Evelyn, bustani ilifuata baada ya kuondolewa kwa chanzo cha moshi. Viwanda havikuondolewa. Kilichobaki katika kumbukumbu za vizazi vilivyofuata ni picha ya bustani, kwa kuwa bustani haimnyang'anyi mtu mali yake.

Karne iliyofuata London ilipata mti wake. Ni chotara wa mplatani wa mashariki, Platanus orientalis, na mplatani wa Amerika, Platanus occidentalis. Miplatani iliyopandwa Berkeley Square mnamo 1789 ipo hadi leo, na mingine mingi ilipandwa kandokando ya Thames wakati barabara ya Victoria Embankment ilipojengwa katika karne ya 19. Sababu za mti huu kufaulu zinaeleweka. Gome lake hubanduka vipande vipande na kuanguka pamoja na masizi. Majani yake hupukutika kila mwaka, hivyo mti huanza upya kila majira ya kuchipua. Zaidi ya hayo, huvumilia udongo ulioshindiliwa na kupogolewa kwa nguvu.

Miti ya jamii ya misonobari haikuwa na bahati hiyo. Majani yake membamba hukaa mtini kwa miaka kadhaa, na kila mwaka hukusanya masizi na kufyonza gesi ya salfa. Katika bustani ya Kew, iliyokuwa kitovu cha elimu ya mimea ya dola ya Uingereza, misonobari ilidhoofika kiasi kwamba mwaka 1925 ulianza mpango wa kuanzisha mkusanyiko wa kitaifa wa miti hiyo huko Bedgebury, mbali na moshi wa jiji. Taasisi iliyokuwa na wataalamu bora wa miti duniani haikujaribu kuusafisha moshi kwa miti, iliihamisha miti.

Mfano mwingine unaugusa ukanda wetu moja kwa moja. Nathaniel Bagshaw Ward alikuwa tabibu katika mtaa wa mashariki wa London. Alipenda kuotesha kangaga, lakini moshi uliziua. Mnamo 1829 aliona kangaga na nyasi zikichipua ndani ya chupa iliyofungwa, akatambua kwamba kioo kingeweza kuikinga mimea na hewa chafu. Kutokana na ugunduzi huo yalizaliwa masanduku ya kioo yaliyobeba mimea hai baharini kwa miezi mingi. Masanduku hayo yalipeleka mimea ya chai kutoka China hadi India na miche ya mpira kutoka Kew hadi Ceylon. Mtandao huo wa usafirishaji wa mimea ndio uliojumuisha baadaye bustani ya Entebbe, iliyoanzishwa 1898, na kituo cha Wajerumani cha Amani huko Tanga, kilichoanzishwa 1902. Kwa hiyo chombo kilichosaidia kueneza mimea ya kigeni katika makoloni kilitokana na tabibu aliyeshindwa kuotesha kangaga kwa sababu ya moshi. Mimea ilipewa kioo. Wagonjwa wake waliendelea kuivuta hewa ile ile.

Mwisho wa simulizi hilo unajulikana. Mnamo Desemba 1952, ukungu wa moshi uliifunika London kwa siku tano. Hesabu za awali zilitaja vifo vipatavyo 4,000, na uchunguzi wa baadaye uliongeza idadi hiyo kwa kiwango kikubwa. Miplatani ilikuwapo siku zote hizo, mikubwa na yenye afya. Hewa ilianza kubadilika baada ya Sheria ya Hewa Safi ya 1956, iliyoweka maeneo ambayo moshi wa makaa ulipigwa marufuku. Mti ulikuwa umestahimili kwa zaidi ya miaka 150. Sheria ilifanya kazi katika muda wa kizazi kimoja.

3. Lubumbashi: mijakaranda na dohani

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika mahali ambapo mji wa Élisabethville ulikuwa ukipimwa, na mwaka 1911 kiwanda cha kuyeyushia shaba kando ya mto Lubumbashi kilianza kazi. Mji ulipewa jina la Lubumbashi mwaka 1966, na mwanzoni mwa 1967 mali za kampuni zilitaifishwa na kuwa msingi wa shirika la Gécamines. Kwa muda wote huo alama za mji zilikuwa mbili: dohani ndefu ya kiwanda, na kando yake kilima cheusi cha mabaki ya uyeyushaji. Wachoraji wa mitaani wa Lubumbashi wamezichora alama hizo mara nyingi kiasi kwamba mtu asiyewahi kufika Katanga anaweza kuutambua mji kwa picha.

Alama ya tatu ni ya rangi ya zambarau. Barabara za sehemu iliyojengwa kwa ajili ya Wazungu zilipambwa kwa mijakaranda, mti wa asili ya Amerika Kusini, ambao huchanua kabla ya mvua na kuzifunika njia kwa maua. Katika vitabu vya picha, Lubumbashi ya kikoloni ni mji wa kijani wenye njia pana na vivuli. Swali la mwanahistoria ni hili: kivuli hicho kilikuwa cha nani, na kilikuwa upande gani wa upepo?

Katika Katanga upepo unaotawala, hasa wakati wa kiangazi, hutoka kusini-mashariki. Moshi wenye dioksidi ya salfa na vumbi la metali ulielekea kaskazini-magharibi ya kiwanda. Katikati ya mji wa Wazungu palikuwa mashariki ya kiwanda, nje ya njia kuu ya moshi. Mji huo ulitengwa pia na makazi ya Waafrika kwa ukanda mtupu ulioitwa eneo la kati, lililohalalishwa kwa hoja za afya. Hoja hizo zilihusu zaidi malaria na hofu ya maambukizi kuliko moshi, lakini matokeo yalikuwa kwamba wakuu wa mji walipanga kwa uangalifu mkubwa hewa ya upande mmoja. Joshini palipandwa mijakaranda. Demani palibaki kile ambacho watafiti leo wanakiita koni ya uchafuzi: eneo la kilomita kadhaa ambako misitu ya miombo ilitoweka, udongo wa juu ukawa na tindikali na kujaa shaba, zinki, risasi, kadmi na kobalti, na mahali pengine ukabaki uchi kabisa.

Hapa panahitajika tahadhari mbili. Kwanza, miombo haikuuawa na moshi pekee. Ukataji wa kuni na makaa kwa ajili ya kiwanda na wakazi ulichangia, na si rahisi kugawa lawama kwa vipimo. Pili, kustawi kwa mijakaranda ya Lubumbashi hakuthibitishi kwamba mti huo unastahimili moshi wa shaba, kwa kuwa sehemu kubwa ya mijakaranda hiyo haikuwa kwenye njia ya moshi. Kosa la namna hii hutokea kwa urahisi katika orodha za miti. Mtaalamu hutembea mjini, huona mti mzuri, huuandika kuwa mstahimilivu, na hasahau tu kuuliza mti wenyewe ulikaa wapi. Husahau pia kuuliza ni miti gani isiyokuwapo tena kuhesabiwa.

Vyanzo vya historia hii havikosi Kiswahili. Mwaka 1965 iliandikwa kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji wa Élisabethville iliyohusishwa na jina la André Yav, ikitokana na mazingira ya watumishi wa nyumbani; Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990. Kuwapo kwake kunatukumbusha kwamba walioutumikia mji waliuandika pia, kwa lugha yao na kutoka upande wao. Utafiti wa historia ya mazingira ya Katanga utapungukiwa ukitegemea kumbukumbu za kampuni peke yake.

4. Demani: nyasi, chokaa na mboji

Ustahimilivu wa mimea ulikuwa na historia Katanga kabla ya dohani. Wahunzi wa Katanga waliyeyusha shaba kwa karne nyingi na kuifanya misalaba iliyosafiri mbali katika biashara. Mmea mdogo, Haumaniastrum katangense, unaoitwa ua la shaba, huota mahali penye shaba nyingi udongoni, na wanaakiolojia wameutumia kutambua mahali pa tanuri za kale. Huo ni ustahimilivu ulioundwa na ardhi yenyewe.

Kuanzia miaka ya 2000, watafiti wa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walirudi kwenye elimu hiyo. Katika mtaa wa Penga Penga, ulio ndani ya koni ya uchafuzi, walijaribu kuufunika udongo uliokuwa uchi. Hawakuanza na miti ya mapambo. Walianza na nyasi za asili za ardhi yenye metali, kama vile Microchloa altera, wakauchanganya udongo na chokaa ili kupunguza tindikali na mboji ili kuirudishia rutuba. Lengo halikuwa kuitoa metali udongoni, bali kuituliza: mizizi iushike udongo ili upepo usiinue vumbi na mvua isilipeleke mtoni. Miti hupata nafasi yake baadaye, ikipandwa katika mashimo yaliyotiwa udongo uliorekebishwa.

Tofauti ya mpango huu na ule wa mijakaranda ni kubwa. Mjakaranda ulichaguliwa kwa uzuri na kupandwa mahali pasipo na tatizo. Nyasi za Penga Penga zilichaguliwa kwa kazi maalumu na kupandwa mahali penye tatizo, huku watafiti wakitamka wazi kazi hiyo ni ipi na inaishia wapi. Nayo ina mpaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na Célestin Banza na wenzake ulionyesha kwamba watu waishio karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini Katanga walikuwa na viwango vya juu vya kobalti na metali nyingine mwilini, na watoto waliathiriwa zaidi. Mwenye kovu usidhani kapoa: ardhi inaweza kurudia kijani hali damu ya mtoto bado inabeba kiwanda.

5. Sayansi ya ustahimilivu na mipaka yake

Majaribio ya kuupima ustahimilivu kwa namba yalipiga hatua mwaka 1983, pale Singh na Rao wa India walipopendekeza kipimo kinachojumlisha mambo manne ya jani: asidi ya askobiki, klorofili, kiwango cha tindikali na maji yaliyomo. Kipimo hicho kimetumika sana katika miji ya tropiki kwa sababu hakihitaji mitambo ya gharama kubwa, na miti inayojulikana kwetu, kama mwarobaini na mwembe, huonekana mara kwa mara katika tafiti hizo. Hata hivyo, kinachopimwa ni nguvu ya jani kujilinda. Hakipimi kiasi cha uchafu ambacho mtu aliyesimama chini ya mti amepunguziwa.

Swali hilo la pili lilipimwa kwa upana nchini Marekani. Mwaka 2006 David Nowak na wenzake walikadiria kwamba miti na vichaka vya mijini nchini humo huondoa takriban tani 711,000 za vichafuzi kwa mwaka. Ni kiasi kikubwa. Lakini walipokilinganisha na uchafuzi wote uliokuwapo, uboreshaji wa hewa ya mijini ulikuwa kwa kawaida chini ya asilimia 1. Zaidi ya hayo, miti yenye matawi mazito katika barabara nyembamba yenye majengo marefu inaweza kuuzuia moshi wa magari usipande juu, na hivyo kumwongezea mpita njia dozi yake. Baadhi ya miti inayokua haraka, kama mikaratusi, hutoa gesi ambazo zikikutana na moshi wa magari juani huchangia kuundwa kwa ozoni. Kwa upande mwingine, ua mnene wa vichaka kati ya barabara na njia ya waenda kwa miguu unaweza kumkinga anayetembea nyuma yake. Kinachoamua faida ni mahali, umbo na upepo, kabla ya jina la mti.

Historia inaongeza onyo moja zaidi, kuhusu wingi wa aina moja. Jiji la Manchester lilipopata popla mmoja uliostahimili masizi, liliupanda kwa vipandikizi vya miti dume, na hivyo maelfu ya miti yakawa kama mti mmoja. Ugonjwa wa kuvu ulipoingia takriban mwaka 2000, uliikuta miti hiyo yote ikiwa na udhaifu ule ule. Miji yetu inayopanda ashoka kwa safu ndefu ingefaa kuusoma mfano huo.

6. Mafunzo kwa sera

Kutokana na historia hii, makala yanapendekeza mambo manne kwa washauri wa sera katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022.

Kwanza, nyaraka za Kiswahili zitenganishe mti unaostahimili, mti unaokinga na mti unaosafisha. Kila mradi wa upandaji utamke ni kazi ipi kati ya hizo inayotarajiwa, na utapimwa kwa kipimo gani.

Pili, upandaji uanze demani. Ramani ya upepo na ya vyanzo vya moshi itangulie ramani ya mapambo, na wakazi wa upande huo washirikishwe kwa lugha wanayoizungumza.

Tatu, orodha za miti zichanganye spishi na ziipe kipaumbele mimea ya asili iliyothibitishwa mahali hapo hapo, badala ya kunakiliwa kutoka mji mwingine wenye moshi wa aina nyingine. Mti uliozoea masizi ya makaa si lazima uzoee vumbi la shaba.

Nne, bajeti ya miti isihesabiwe kuwa bajeti ya kudhibiti uchafuzi. Ukanda wetu una ushahidi wake wa kile ambacho kanuni zinaweza kufanya. Azimio la Dakar la Juni 2001 liliweka lengo la kuondoa risasi katika petroli, na kufikia mwanzoni mwa 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeachana nayo. Hakuna mti wowote ungeweza kuifanya kazi hiyo. Kenya ilitunga kanuni za ubora wa hewa mwaka 2014 na Rwanda sheria yake mwaka 2016. Kazi iliyobaki ni utekelezaji na upimaji.

7. Hitimisho

Makala haya hayapingi upandaji wa miti. Mti wa barabarani hutoa kivuli, hupunguza joto, hushika udongo na huupa mji heshima, na faida hizo zinatosha kuutetea bila kuubebesha kazi isiyo yake. Tulichokataa ni matumizi ya uvumilivu wa mti kama ushahidi kwamba hewa inavumilika. London ilikuwa na miplatani yenye afya mwaka 1952, na Lubumbashi ilikuwa na mijakaranda iliyochanua kila mwaka huku ardhi ya demani ikibaki uchi. Katika miji yote miwili, mtu aliyeitazama miti tu angeamini kwamba mambo ni shwari. Mshauri wa sera anayeletewa orodha ya miti inayostahimili moshi anapaswa kuuliza, kabla ya kuitia saini, moshi huo unatoka wapi, unaelekea kwa nani, na ni nani aliyepewa jukumu la kuuzima.